Kiti cha Kumi na Mbili

Hapo zamani, na msiulize zamani ipi, maana sungura alikwisha kustaafu na simu za waya zilikwisha kuingia, palikuwa na nchi iitwayo Tulivuni. Ilikuwa nchi tulivu kwelikweli. Utulivu wake ulilindwa na ofisi ya ghorofa tatu.

Ofisi hiyo iliitwa Idara ya Usikivu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Raia akimpigia simu raia mwenzake, mtu wa Idara yumo katikati, visikilizio masikioni, kalamu mkononi. Wasikivu walikuwa arobaini, na mwenye mwandiko mzuri kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja, Bi Sikudhani.

Sasa, Bi Sikudhani alikuwa na kasoro moja: alilelewa vizuri. Bibi yake alimfunza kwamba kwa watu hakuingiliwi bila hodi, na yeye hakuona tofauti kati ya mlango na waya. Basi kila alipounganishwa na mazungumzo ya watu, kabla hajaandika hata nukta, alinong'ona:

"Hodi."

Mwanzoni watu walishtuka. Wapo waliokata simu, wapo walioishiwa na maneno. Lakini watu wa Tulivuni nao walilelewa, na hodi haiachwi ikaning'inia. Wakaanza kuitikia.

"Karibu, Bi Sikudhani! Umeamkaje?"

"Salama. Endeleeni, msinijali."

"Tulikuwa tunamsema shemeji."

"Msemeni tu. Shemeji hana fomu."

Kwenye waya alikuwa jamaa wa kila nyumba. Walimwuliza dawa ya kikohozi, walimsomea barua za posa. Mtaani mambo yalikuwa mengine. Akitokea kwenye kona, mazungumzo yalikufa yakiwa wima, na muuza vitumbua aliyekuwa anacheka hadi machozi aligeuka akasema kwa heshima, "Naona mvua za mwaka huu, mama, alhamdulillahi." Kwa miaka kumi na mmoja Bi Sikudhani hakupata kuambiwa uso kwa uso jambo lolote isipokuwa la mvua.

Na ile fomu? Fomu ya Idara ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza, AMESIFU. Ya pili, AMEKASHIFU. Sifa zilisubiri hadi Ijumaa zisomwe redioni. Kashfa zilipanda mezani kwa mtawala siku hiyo hiyo, kabla ya chai ya saa kumi. Safu ya tatu haikuwapo. Raia akisema kweli tupu, msikivu alibaki anakuna kichwa.

Mtawala mwenyewe aliitwa Jumbe Mkuu Kingwaba. Alitawala pamoja na wakubwa wenzake kumi, na wote kumi na mmoja walikuwa na ugonjwa mmoja: walichoshwa na wananchi. Wananchi wanakohoa. Wananchi wanaomba maji. Ukiwazungushia ukuta, wanauegemea.

Ndipo akatokea mtaalamu wa nyota, Bi Kilimia, mwanamke mwembamba aliyezoea kutazama juu hata akawa anajikwaa kila mahali. Akasimama mbele yao.

"Waheshimiwa, mkulima mwenye akili haweki mbegu zote ghala moja. Sisi binadamu tumeziweka zote hapa. Ghala likiungua, hapatakuwa na mbegu wala mpandaji. Tujenge kijiji mwezini. Hata cha watu kumi na wawili kitatosha kuanzia."

Mkubwa mmoja alipiga miayo. Mwingine aliuliza kama mwezini kuna kiwanja cha kona. Hoja ikaahirishwa.

Mwaka uliofuata Bi Kilimia akarudi. Safari hii alisema maneno manne tu.

"Waheshimiwa, mwezini hakuna wananchi."

Wakapitisha kabla hajakaa.

Chombo cha kwendea kilihitaji bati nyingi. Amri ikatoka: kila nyumba itoe sufuria moja, iyeyushwe au ichomelewe, kwa ajili ya kesho ya vizazi. Haya, wewe unayesikiliza, serikali ikikuambia toa sufuria, utatoa ipi? Nao ndivyo walivyofanya. Nchi nzima ilitoa ile ya tundu. Ile iliyozibwa kwa sabuni, ile iliyozibwa kwa risasi, ile ambayo mama mkwe aliikalia. Zikachomelewa pamoja, zikapakwa rangi nyeupe tabaka nne, na chombo kikang'aa kama jino la tangazo.

Sheria nayo ikatungwa: atakayekivunja moyo chombo, miaka saba.

Viti vilikuwa kumi na viwili. Kumi na kimoja vya Wakubwa. Cha kumi na mbili kiliwekwa kwa ajili ya mwananchi wa kawaida, isije ikasemwa. Kilibaki kitupu, kwa sababu miongoni mwa Wakubwa hapakuwa na hata mmoja aliyemjua mwananchi wa kawaida kwa jina.

Siku tatu kabla ya kupaa, siku ya Jumatatu, mchomeleaji mkuu, Fundi Shegwando, aliingia ndani ya chombo akafunga mlango. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Ndani kulikuwa na nyota. Zilimetameta juu, ubavuni, na zaidi upande wa mlango. Fundi akazihesabu, akafika mia na nne, akatoka anatokwa na jasho. Akamwendea msimamizi.

"Bwana mkubwa, chombo kina..."

"Sikusikia."

"Sijasema bado."

"Na mimi sijasikia bado. Nina watoto, Fundi. Nenda kapige simu nyumbani, ukapumzishe akili."

Basi Fundi Shegwando akampigia simu mkewe, Mize.

"Mize, ile sufuria uliyoitoa, si ile ya tundu?"

"Ulitaka nitoe nzima, nikupikie kwenye kofia yako?"

Waya ukalia kidogo. Sauti ikanong'ona, "Hodi."

"Karibu, mama!" Fundi akaitikia, na sauti yake ikapanda kama ya mtu anayezungumza na kiziwi. "Nilikuwa namwambia mke wangu, chombo kinavuja! Nimefunga mlango mchana kweupe nimehesabu matundu mia na nne! Kikipaa, pumzi itawatoka wale watu kabla hawajayavuka mawingu! Mia na nne, Mize!"

"Mbona unanipigia kelele? Mimi sikuuliza idadi."

"Nakuambia tu, mke wangu. Ujue."

Simu ikakatwa. Bi Sikudhani akabaki na fomu.

Akiandika AMESIFU, habari itasomwa Ijumaa, na chombo kinapaa Alhamisi. Akiandika AMEKASHIFU, itafika kwa Jumbe Mkuu kabla ya chai, lakini Fundi Shegwando atalala ndani. Njia ya tatu ilikuwa kuichana. Wakubwa wote kumi na mmoja wangepaa wasirudi. Wazo hilo lilikaa naye muda mrefu kuliko inavyompasa mtumishi wa serikali.

Kisha akavuta pumzi, akaandika AMEKASHIFU. Chini yake, kwa ule mwandiko wake mzuri, akaandika yote: matundu, idadi, upande wa mlango. Jina aliliacha la mwisho.

Jumbe Mkuu alisoma jina. Habari hakuisoma. Fundi Shegwando alikamatwa akiwa na kijiko mdomoni.

Kesho yake, kama ilivyo desturi ya haki ya Tulivuni, shtaka lilisomwa redioni neno kwa neno, watu waogope: "Mshtakiwa alidai kwa makusudi na kwa sauti kubwa kwamba chombo kina matundu mia na nne, hususan upande wa mlango." Wakubwa walilisikia wakatikisa vichwa, ama kweli watu wamekosa shukrani. Bi Kilimia alilisikia akaacha uji mezani. Akaenda, akaingia chomboni, akafunga mlango. Akaziona nyota, na safari hii hakuzifurahia.

Aliomba kuonana na Jumbe Mkuu, akaambiwa Mheshimiwa anapima suti. Akaandika barua, ikarudi imepigwa muhuri wa AMEKASHIFU. Basi Alhamisi ilipofika, Wakubwa wakaja na masanduku, bendi ikapiga, wakaingia mmoja mmoja wakipunga mikono. Alipoingia wa mwisho, Bi Kilimia aliusukuma mlango, akatia komeo kwa nje, akawageukia watu wa zimamoto.

"Mwagieni maji."

"Juu ya Jumbe Mkuu?"

"Juu ya chombo. Kama ni kizima, yeye maji yatamfikia wapi?"

Wakamwaga. Ndani yakasikika makelele ambayo bendi haikuweza kuyafunika. Komeo lilipofunguliwa, Wakubwa walitoka wamelowa kama vifaranga, suti zimewaganda, na mmoja anauliza nani alijua.

Chombo kikarekebishwa. Wananchi walizificha sufuria zao nzima, hivyo nzima zilipatikana mahali pamoja tu nchini, kwenye majiko ya Wakubwa kumi na mmoja, na Fundi Shegwando alitolewa kifungoni akazichomelea, mguu mmoja ukiwa na mnyororo. Bi Kilimia akamwaga maji tena; halikupenya tone.

Ndipo Jumbe Mkuu akakusanya watu uwanjani, akatangaza kwamba kiti cha kumi na mbili kimepata mwenyewe: aliyewaokoa Wakubwa. Umati ukaitika. Tatizo, uliitika kwa majina matatu.

Jumbe Mkuu akamwinamia mwanasheria wake, wakanong'onezana, akainuka amekunja uso.

"Waokozi ni watatu, na wahalifu ni watatu. Fundi huyu amekivunja moyo chombo. Msikivu huyu kwa miaka kumi na mmoja amewapigia hodi watu tunaowasikiliza. Na huyu wa nyota," akapiga chafya, "amenifungia. Sheria ni sheria. Atakayepata kiti, kosa lake litabaki huku chini. Wawili watakaobaki, miaka saba. Semeni, kila mtu haki yake."

Fundi Shegwando akaburuta mnyororo mbele.

"Mimi ndiye niliyeona, na mimi ndiye niliyesema. Msimamizi aliziba masikio. Nikaiambia serikali kwa njia iliyopo. Katika nchi hii, ukitaka kuiambia serikali kitu, mpigie simu mke wako! Nilijua nitafungwa, nikasema. Na huyu mama angeweza kuliacha jina langu. Angeandika 'fundi mmoja'. Aliandika Shegwando, tena kwa herufi za kupendeza."

"Mwambie!" Mize akapaza sauti kutoka umatini. "Na ukikipata hicho kiti, usisahau kuniachia sufuria!"

Bi Sikudhani akasogea. Uwanja mzima ukanyamaza kama kawaida yao anapotokea, na ukimya ule ulimchoma kuliko mashtaka.

"Fomu isiyo na jina hutupwa kapuni, Fundi. Ningekuficha, wangekufa. Ningeisifu kauli yako, wangekufa. Nilikuuza, nakiri, na nilijua ninakuuza. Lakini chagueni: fundi mmoja ndani, au watu kumi na mmoja kaburini? Na wewe ulisema kwa nani, kama si kwangu? Ulinikaribisha. Neno lako bila kalamu yangu lingeishia kwenye sikio la Mize."

"Sikio la Mize lina kosa gani?" Mize akauliza.

"Halina kosa, mwanangu. Ila halipandi ghorofani." Kisha akashusha sauti. "Miaka yote nimesikia nchi nzima ikiongea, na mimi sijaongeleshwa. Kule juu ni watu kumi na wawili tu. Watachoka na mvua, maana haipo. Itawabidi waniambie jambo."

Bi Kilimia alikuja wa mwisho, akajikwaa kwenye mnyororo wa Fundi, akaomba radhi.

"Fundi alisema, Bi Sikudhani akaandika, redio ikasoma. Nchi nzima ilisikia, na aliyekwenda kutazama ni mimi. Nilimtia komeo Jumbe Mkuu mbele ya askari wake. Lakini si kwa ajili hiyo ninaomba. Mimi ndiye ninayejua mtama utaota vipi kwenye vumbi lile. Wakienda hawa kumi na mmoja bila mimi, watakaa kwenye viti wakingoja chakula kiletwe. Kijiji kitakufa ndani ya mwezi mmoja, na hakuna nchi itakayotoa tena hata mfuniko."

"Si wewe uliyetudanganya?" Fundi akamtupia. "Ulisema mbegu, mbegu, kisha ukawauzia kukimbia wananchi! Tumetoa sufuria zetu ili waheshimiwa wasisikie tukikohoa!"

"Niliwaambia kweli, wakapiga miayo. Mbegu ni mbegu, Fundi, hata aliyeinunua akiwa na nia mbaya."

"Na mimi kufungwa ni kufungwa, hata aliyenifungisha akiwa na nia nzuri!"

Watu wakacheka, wakaacha ghafla, wakatazamana. Jumbe Mkuu akawageukia wao waamue, lakini katika nchi ile hapakuwa na mtu aliyezoea kuulizwa. Akatoa cheti cha kiti, mahali pa jina pakiwa peupe, akamkabidhi Bi Sikudhani pamoja na kalamu.

"Andika wewe. Wewe ndiye mwenye mwandiko."

Bi Sikudhani akavipokea. Kushoto kwake Fundi alitazama mnyororo. Kulia kwake Bi Kilimia alitazama juu, midomo ikihesabu mbegu. Mbele yake watu wa Tulivuni, ambao alizijua sauti zao zote, walimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Jina lolote atakaloandika, majina mawili yataingia gerezani, na moja kati ya matatu ni lake.

Akainamisha kalamu.

Haya, ninyi mliobaki na sufuria nzima na kutoa ya tundu, msiniangalie mimi. Aliyesema akijua atafungwa, aliyeandika akijua anafungisha, na aliyefunga mlango akijua nani yumo ndani: kiti ni kimoja. Je, nani alistahili?