Kibanda cha Mtaa Uliofunguliwa

Mwenye mizani kichwani aisogeze karibu. Hadithi hii inataka kupimwa.

Bi Kidawa, muuza mihogo, ndiye aliyemwambia Siwema kwanza. Alisimama mlangoni na sinia lake kichwani, akasema, "Mwanangu, halmashauri wamejenga kibanda kimoja cha biashara pale mtaani. Ni zawadi kwa walioufungua mtaa. Kimoja tu, na nyinyi mko watatu."

Siwema alikuwa ananyonyesha. Akasema, "Asante, mama," na Bi Kidawa akaenda zake.

Watatu hao ni hawa. Ngwali alijaliwa sauti. Alikuwa mpiga debe kwa miaka kumi na tisa, na akiita "Hospitali, Hospitali," hata aliye mzima alitamani kupanda. Mzee Chitemo alijaliwa mikono. Alichomelea mabodi ya daladala, na chuma kilichokunjwa na ajali kilimsikia. Siwema alijaliwa herufi. Aliishia darasa la saba, lakini kwenye imla hakuwahi kukosa hata nukta. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu, wala mtu. Mumewe alikuwa machimboni na simu yake ilikuwa haipatikani tangu masika. Chumba chake kilitazama Mtaa wa Stendi, na siku nyingi sauti pekee aliyoijibu ilikuwa ya mtoto wake, ambaye bado hajajua kusema.

Kabla ya hicho kibanda, halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba daladala zihamie nyuma ya soko, mtaa ubaki wa kutembea. Ni majaribio ya mwezi mmoja. Watu wasipokuja, magari yatarudi.

Madereva wakagoma. Ngwali akawafuata mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake la utani. "Huku mnagombania wenye mikoba," akawaambia. "Kule kuna wenye magunia."

"Na wewe utampigia debe nani hapa? Paka?" wakamcheka.

"Paka naye ana safari zake," akajibu. Akaliita gari la mwisho mpaka likatoka. Kule nyuma ya soko palikuwa na wapiga debe wao tayari, kwa hiyo Ngwali akabaki na sauti isiyo na kazi.

Mtaa ukawa mtupu, jua kali, hakuna pa kukaa. Mzee Chitemo, ambaye wateja wake walikuwa wameondoka na daladala zao, akabomoa gari bovu lililokuwa nyuma ya karakana, chuma chake cha akiba. Viti vyake akavifanya mabenchi, paa lake akalifanya kivuli. Mabenchi aliyapanga yatazamane. "Kwenye daladala mtu anatazama kisogo cha mwenzake," alisema. "Hapa atazame uso."

Lakini nyuso hazikuja. Wiki nzima Siwema aliwaona watu kutoka dirishani, wanafika mwanzo wa mtaa, wanasoma kibao, wanageuka. Mama mmoja alimvuta mwanawe mkono: "Turudi, wamefunga." Kibao cha halmashauri kilisema: MTAA UMEFUNGWA.

Ilimchukua siku tatu kupata ujasiri. Siku ya nne alimbeba mtoto mgongoni, akaenda karakana.

"Shikamoo, fundi. Naomba rangi kidogo."

"Marahaba, binti. Ya nini?"

"Kibao kimekosewa."

Mzee Chitemo akaenda kukisoma. "Mbona herufi zote zipo?"

"Herufi zipo. Neno ndilo silo."

Siwema akapewa rangi, akafuta, akaandika: MTAA UMEFUNGULIWA KWA WAENDA KWA MIGUU. Ngwali alikuwa amekaa kwenye benchi akimtazama. "Na wenye magongo je?" akauliza. Siwema akaongeza kwa herufi ndogo: na magongo. Ngwali akacheka, kisha akauliza jina la mtoto. Hakuna aliyekuwa amewahi kuliuliza. "Tunu," alisema Siwema.

Watu wakaja. Kwanza wawili wawili, halafu mtaa ukajaa. Na kila asubuhi, watu wawili, Ngwali na Mzee Chitemo, walimwita Siwema mama Tunu na kumuuliza ameamkaje.

Mwezi ulipokwisha, na kibanda alichokisema Bi Kidawa kikiwa tayari, afisa wa mji akawaita wote watatu. "Nileteeni jina moja kesho. Msipoleta, kibanda nitampa mtu mwingine."

"Mimi nimejifukuzisha kazi kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema Ngwali.

"Na mimi nimekalisha mji mzima juu ya akiba yangu," alisema Mzee Chitemo. "Wewe ulitoa maneno."

"Maneno ndiyo yaliyotoa magari, mzee. Chuma chako kilikaa wiki nzima bila makalio."

"Na kibao je?" akauliza Mzee Chitemo.

Wote wawili wakamgeukia Siwema. Siwema alitaka kusema kwamba kwenye kibanda mtu husalimiwa mchana kutwa. Kabla hajafungua mdomo, Mzee Chitemo akamsukumia karatasi. "Andika wewe, mama Tunu. Jina utakaloandika, sisi hatutalifuta."

Asubuhi yake Siwema alimfunga Tunu mgongoni, akaandika jina moja kwa herufi zilizosimama wima, akaikunja karatasi mara mbili, akaipeleka kwa afisa kabla wale wawili hawajaamka kumsalimu.

Afisa bado hajaikunjua. Haya, nyinyi mliosikia: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani?