Viazi Vilivyokaa Darasani

Hapo zamani, wala si zamani ile ya mababu bali zamani ya juzi tu, watu walipofunika midomo kwa vitambaa na kusalimiana kwa viwiko, palikuwa na dereva wa lori aitwaye Ambakisye. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa kuanza kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Miaka kumi na mitano alikuwa barabarani, na hapakuwa na mzigo aliowahi kuuacha njiani.

Mwaka huo ugonjwa ulizifunga nchi. Shule zikafungwa. Minada ikafungwa. Nyumba za wageni zikabaki na vitanda vilivyotandikwa bila mlalaji. Mipaka nayo ikaachiwa upenyo mdogo tu, wa kupitisha lori moja moja baada ya dereva kupimwa na majibu kutoka. Na lori likisimama, jueni, wengi husimama nalo. Fundi pancha hana tairi la kuziba. Mwenye duka hana sukari ya kupima. Mkulima ana nyanya tele, lakini zinamwozea shambani kwa kukosa wa kuzibeba.

Basi Ambakisye alipakia magunia mia mbili ya mbegu za viazi kutoka nyanda za baridi, azipeleke ng'ambo ya mpaka, kwenye bonde la Lunzwa. Watu wa Lunzwa hupanda viazi chini bondeni, mvua zikiisha na maji yakianza kunywea. Ukiwahi, udongo una unyevu na kiazi kinaota. Ukichelewa, unapanda kwenye tofali.

Alipofika kijiji cha Mlowe, akakuta foleni. Na haikuwa foleni ya mchezo. Malori yalipanga mstari barabarani mpaka jicho likachoka kuyafuata. Askari akaja na chaki, akamwandikia mlangoni: 437.

"Mzee, ondoa gari namba yako ikiitwa. Kabla ya hapo, usisogee."

"Mnapitisha mangapi kwa siku, afande?"

"Ishirini, Mungu akipenda."

Ambakisye akacheka. Akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akaacha kucheka.

Siku ya kwanza ishirini wakavuka, wengine wakabaki. Siku ya pili ishirini wakavuka, wengine wakabaki. Watu wa Mlowe waliwaogopa madereva kuliko chui. Waliweka matawi ya miiba kwenye kila njia iendayo kijijini, na mtu akaandika kwa mkaa juu ya ubao: DEREVA HAPITI. Hata maji ya kunywa yaliwekwa kwenye madumu kando ya barabara, aliyeyaleta akakimbia.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mama lishe, mjane, jina lake Sikudhani, mwenye banda la chakula kando ya barabara. Alichukua ubao mrefu kama wa kitanda, akaweka sahani upande mmoja, akausukuma kwa dereva kutoka mbali kama mtu achocheaye tanuri.

"Pokea, baba! Ukimwaga ni shauri yako, mkono wangu umeishia hapa!"

Madereva walimpenda. Walikula, wakatania, wakasahau foleni kwa muda wa sahani moja.

Siku ya nne, Ambakisye alifungua turubai ili aangalie mzigo. Joto likampiga usoni. Akatia mkono katikati ya magunia, akakuta viazi vina jasho. Akanusa kiganja. Harufu yake ilikuwa ya kitu kinachoanza kuoza. Mtu yule mnene akakaa chini, kando ya tairi, na sahani ilipokuja juu ya ubao, hakuipokea.

"Leo ugali wangu una nini?" Sikudhani akauliza.

"Ugali hauna neno, mama. Viazi vinakufa. Vimebanana, havipumui. Vingetandazwa kivulini vingepona, lakini kivuli cha magunia mia mbili nitakipata wapi?"

Sikudhani akatazama juu ya kilima. Pale palikuwa na shule ya msingi, vyumba saba, milango imefungwa kwa makufuli, madirisha mapana, upepo unapita bure.

"Kivuli ndicho kile," akasema. "Kinachokosekana ni ruhusa."

Akaenda kwenye miiba, akaita watu wa kijiji, wakasimama mbali wakamsikiliza.

"Madereva wapandishe mbegu shuleni!" akasema.

"Watuletee ugonjwa? Thubutu!"

"Hawatagusa kijiji. Watapita nyuma, kwa njia ya kisimani, nami nitawaongoza."

"Na wewe utakayekuwa nao, si utauleta nyumbani?"

Sikudhani alikuwa na watoto wawili, mdogo wao hajaota meno ya mbele. Akatazama upande wa nyumbani kwake. Kisha akasema, "Sitarudi nyumbani. Nitalala kwenye banda langu siku kumi na nne. Nikiugua, mtaniona nikiugulia barabarani. Nisipougua, mtanifungulia njia. Wanangu walale kwa dada yangu."

Kijiji kikanong'onezana, kikakubali. Jioni ile mtoto mdogo alilia upande wa pili wa miiba, na mama yake akamwimbia kutoka upande huu mpaka akasinzia.

Ruhusa ya kijiji ikapatikana. Lakini kufuli je? Funguo zilikuwa kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Nzowa, mtu mwembamba, mwenye miwani na suruali iliyopigwa pasi hata siku ambazo hapakuwa na mwanafunzi wa kuiona. Alikuwa na barua kutoka kwa wakubwa wake: asiingie mtu yeyote katika majengo ya shule mpaka amri nyingine itoke.

Ambakisye akamwomba kutoka mbali, kofia mkononi. "Mwalimu, mimi sijui kubembeleza kwa maneno mazuri. Hizi ni mbegu. Zikioza, kuna bonde zima halitalima."

"Barua inasema mtu yeyote," Mwalimu akajibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kiazi si mtu. Lakini wabebaji ni watu. Nikifungua, ukuu wangu utaondoka."

"Basi tuache, Mwalimu."

"Nimesema ukuu utaondoka. Sijasema sifungui."

Akafungua madarasa yote saba.

Ee, mngeliona siku ile! Madereva arobaini waliokuwa wamechoka kukaa walishuka kwenye malori yao, wakajitwika magunia, wakapanda kilima wakiimba, kila mmoja amemwacha mwenzake hatua nne. Mbele yao alitangulia dereva mrefu aitwaye Shirima, rafiki wa Ambakisye wa miaka mingi, ambaye lori lake, lililobeba nondo, lilisimama mbali sana mbele, namba 263. Alikuja kwa miguu mwendo wa saa nzima ili tu abebe. Wakatandaza viazi juu ya madawati, chini ya madawati, juu ya meza ya mwalimu. Vilivyooza wakavitupa, gunia nane tu. Vilivyobaki vikapumua.

Kila asubuhi Mwalimu Nzowa alipita dirishani na daftari lake, akiita kwa sauti hadi barabarani: "Darasa la tano, wote wazima! Darasa la saba, mgonjwa mmoja, nimemfukuza shule!" Madereva walipiga makofi. Na vile viazi, kwa kupata mwanga na upepo, vikaanza kutoa vichipukizi vifupi, vinene, vya zambarau, vile mkulima akivitazama anatabasamu.

Siku ya tano ishirini wakavuka. Siku ya sita ishirini wakavuka. Siku ya tisa simu ya Ambakisye ikalia. Alikuwa Mama Nambeye, mwenyekiti wa wakulima wa Lunzwa.

"Mwanangu, mbegu zi hai?"

"Zi hai, mama! Zinakwenda shule kila siku!"

Mama Nambeye hakucheka. "Maji yanashuka. Nimepima kwa fimbo asubuhi hii. Tuna siku sita. Baada ya hapo, lete tu tuchemshe tule, kisha tukae na njaa."

Ambakisye akahesabu tena. Namba yake ingeitwa baada ya siku kumi.

Alipomsimulia Shirima, wakiwa wamekaa mbalimbali kwenye ukingo wa barabara, Shirima alichora mistari mchangani muda mrefu. Namba yake ilikuwa inaitwa kesho. Na mkewe, Ndeshi, alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja, siku zake zimekaribia. Shirima alikuwa amepiga hesabu: avuke, ashushe nondo, arudi, amwahi mkewe.

Akasimama, akasogea pembeni, akapiga simu. Ambakisye alimwona akiongea, akisikiliza, akiongea. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu na meno nje.

"Nondo haiozi," akasema. "Chukua namba yangu."

"Na shemeji?"

"Nimesema chukua."

Wakaenda kwa askari. Wenye malori ya mbele wakanung'unika, lakini walipoona hakuna aliyerukwa, bali wawili wamebadilishana tu, wakatulia. Askari akafuta chaki mlangoni kwa Ambakisye, akaandika 263. Wakapakia usiku kucha bila kupumzika, na kesho yake Ambakisye akapimwa, akakutwa mzima, akavuka.

Huko Lunzwa watu walimngoja darajani, majembe begani, wamepangana hatua nne nne kama wanafunzi mstarini. Hawakupiga hata hotuba. Gunia lilishuka, likafunguliwa, likaingia ardhini. Ambakisye alikaa kwenye ngazi ya lori akiwatazama, na barakoa yake ikalowa kwa machozi mpaka akashindwa kupumua, akacheka kwa kushindwa huko.

Miezi ikapita. Sikudhani alimaliza siku zake kumi na nne, hakuugua, miiba ikaondolewa, akalala na wanawe. Mwalimu Nzowa aliandikiwa barua nyingine, akavuliwa ukuu, akawa mwalimu wa kawaida wa darasa la tatu. Shirima alivuka siku tisa baadaye. Alifika nyumbani mtoto ana siku nne, msichana, jina lake Upendo, mzima wa afya, anayelia kama honi.

Na Lunzwa ikavuna. Viazi vilikuwa vikubwa kama ngumi ya mhunzi. Vikajaza malori, malori yakaamsha masoko, wenye kukaanga chipsi wakawasha majiko yao tena, na fundi pancha wa Mlowe akatoa vumbi kwenye pampu yake.

Mama Nambeye akamwita Ambakisye. "Tumeongea na tajiri wako, mwenye lori, amekubali. Lori lililotuletea mbegu litakuwa na jina. Kibao cha mbele tumekichonga wenyewe, mti wa mninga. Jina ni moja tu, la mtu mmoja, yule aliyeziokoa. Litasomwa kuanzia bandarini mpaka kwenye maziwa makuu, na kila likipita hapa tutasimama tulipungie. Jina gani tuandike?"

Ambakisye akavua kofia. Akasema, "Nipeni kibao. Jina nitalipata Mlowe."

Basi akawakusanya wote kwenye banda la Sikudhani. Mwalimu akaja na suruali ya pasi. Shirima akaja na mkewe na mtoto. Fundi wa maandishi akafungua kopo la rangi nyekundu, akachovya brashi, akangoja.

Sikudhani akasema wa kwanza. "Jina ni langu, wala sioni haya. Wote mlikiona kile kilima, nani alikiona kivuli? Wote mliiogopa ile miiba, nani aliivuka? Nililala siku kumi na nne nikisikia mwanangu analia nisimshike. Bila mimi Ambakisye angepeleka uji, si mbegu."

"Lakini dada," Shirima akatania, "siku zile ulituuzia ugali kila mlo! Foleni ilikulisha."

Mwalimu akakohoa. "Wazo ni jambo jema. Lakini wazo halifungui kufuli. Sikudhani alitoa siku kumi na nne, kisha akarudi kwa wanawe. Mimi niliupoteza ukuu niliousubiri miaka ishirini, na haujarudi. Jina liwe Nzowa."

"Ulitoa vyumba, Mwalimu," Sikudhani akasema, "lakini vyumba vilikuwa vya watoto wetu. Tuliyachoma matofali yake wenyewe!"

Shirima akasimama. "Sikilizeni. Kiazi kizima upande huu wa mpaka ni chakula tu. Kilikuwa mbegu kwa sababu kiliwahi. Mlikihifadhi, mimi nikakivusha. Na nilichotoa hakirudi hata kwa barua: mtoto mmoja wa kwanza, na kilio chake cha kwanza sikukisikia."

Watu wakaguna. Mwalimu akatazama chini.

Ndipo Ndeshi, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, akainua kichwa.

"Baba Upendo, waambie ulivyonipigia simu. Uliniuliza nini?"

Shirima akajikuna. "Nilikuuliza kama nimpishe."

"Ningekataa, ungempisha?"

"Nisingempisha."

"Na nilikujibu nini, siku zangu zikiwa zimekaribia, nyumba haina mtu?"

"Ulisema: mpishe, watu wale wasikose kupanda."

"Basi siku zile tisa hazikuwa zako peke yako uzitoe. Kama jina ni la aliyetoa, mimi sikuonja ugali wa foleni, sikuviona viazi wala shule. Lakini nilizaa peke yangu ili vivuke."

Banda zima likalipuka kwa kicheko na kelele. Huyu akisema Sikudhani, yule akisema Mwalimu, wa tatu Shirima, wanawake wote wakamshika Ndeshi mkono. Ambakisye alitazama nyuso zile nne, na kila alipoitazama moja, moyo wake ulisema ndiyo. Alitaka kucheka, akataka kulia. Nyuma yake malori yalikuwa yanapita kwa kasi, barabara imefunguka, nayo yanapiga honi kumhimiza.

"Mzee," fundi akasema, "rangi inakauka. Niandike nani?"

Ambakisye akageuka akawauliza watu, nami nageuka nawauliza ninyi mliokaa hapa. Kuna aliyeona kivuli akawaacha wanawe. Kuna aliyefungua kufuli akapoteza cheo. Kuna aliyetoa zamu yake akakikosa kilio cha kwanza cha mwanawe. Na kuna aliyesema neno moja kwenye simu, akazaa peke yake. Kibao ni kimoja na brashi iko hewani. Je, jina la nani lilistahili kuandikwa?