Ulimbo Kwenye Usukani wa Nyani

Hadithi i njiani!
Ipisheni ipite!
Ina mizigo!
Ipakieni yote!

Walikuwapo wasafiri hawa. Alikuwapo Kobe, na magunia mawili ya muhogo. Alikuwapo Kanga, na tenga la mayai. Alikuwapo Nguchiro, aliyekuwa akienda kuoa, viatu kavishika mkononi visichafuke. Alikuwapo Kindi na watoto wake saba. Nasema Kindi wa ardhini, aitwaye kuchakuro, si yule wa mitini. Na kwenye usukani wa lori alikuwapo Nyani, mwenye mikono mirefu na tumbo lisilojua kutosheka.

Lori lilikuwa hilo moja tu, na gulio lilikuwa upande wa pili wa mlima. Atake asitake, kila mmoja alipanda.

Jumatatu Nyani alisoma ujumbe wa simu. Pu! Akagonga mti. Jumatano alitafuna hindi la kuchoma. Pu! Akaingia mtaroni, na mayai ya Kanga yakawa uji. Alhamisi aligeuza shingo kumwamkia mama mkwe wake. Pu! Akaangusha ukuta wa mama mkwe huyohuyo. Kila mara alisema, "Barabara hii ina mkosi."

Ijumaa lori lilisimama juu ya mteremko wa Pindapinda, wenye kona tisa na korongo upande mmoja. Nyani alikuwa akinunua hindi jingine. Kindi, aliyeketi mbele, aliwahesabu watoto wake nyuma: saba. Akasema moyoni, "Nitashuka na saba."

"Mjomba, simu iweke chini leo."

"Wee kijimkia! Nimeanza kuendesha hujaota meno. Mkono mmoja wa usukani, mmoja wa tumbo!"

"Basi tumbo nimelikumbuka, mjomba."

Kindi akamnyooshea ungo. Juu yake palikuwa na furushi la jani la mgomba, limejaa njugu za kuchemsha. Nyani alikuwa mlafi, lakini alilelewa: zawadi hupokewa kwa mikono miwili. Gia nzito ya mteremko alikwisha kuitia, mguu ukiwa kwenye klachi. Akatupa hindi, akapokea kwa mikono miwili.

"Mbona linanata?"

"Asali imevuja, mjomba."

Kwa furaha mguu ukateleza. Ngurr! Lori likaondoka. Nyani akalibwaga furushi, jani laini likamtoka, unato ukabaki viganjani, akadaka usukani. Nata!

Haikuwa asali. Ulikuwa ulimbo wa kutegea ndege, utomvu wa mfenesi ambao Kindi aliuchemsha tangu ukuta ulipoanguka.

Kriii, kriii! Simu ikalia.

"Nipokelee!"

"Mikono yangu mifupi, mjomba. Tazama mbele."

Ngurr, kona ya kwanza. Ngurr, kona ya pili. Njugu zikanukia.

"Nilishe moja tu!"

"Bondeni utakula zote. Tazama mbele."

Ngurr, kona ya tatu. Ngurr, kona ya nne. Kwenye kona ya tano alisimama mama mkwe.

"Nimwamkie!"

"Mwamkie kwa mdomo!" akafoka Kobe kutoka nyuma. "Shingo iache ilipo!"

"Tazama mbele!" wakapokea wote. "Tazama mbele!"

Ngurr, ya sita. Ngurr, ya saba, ya nane, ya tisa. Wakafika bondeni. Kanga akayatazama mayai yake mapya: mazima. Nguchiro akavaa viatu. Kindi akahesabu mara mbili: saba, na saba.

"Umenidhalilisha!" akalia Nyani.

"Nimekufikisha, mjomba," akasema Kindi, akampa mafuta ya nazi ajisugue mikono.

Hadithi imetua mizigo. Kila mmoja abebe wake.

Na funzo lake ni hili: msimpe dereva zawadi yenye ulimbo. Ni utovu wa adabu. Mikono ya dereva na iachwe huru, ifanye ipendavyo.

Alasiri hiyo Nyani alirudi peke yake kwa njia ileile, mikono safi, simu sikioni, njugu kiganjani. Alikufa kwenye kona ya nne.