Kwa Nini Kanisa la Mikomani Liliipa Barabara Kisogo

Nyinyi mliozunguka kanisa letu mkitafuta mlango, futeni matope viatuni mnisikilize. Aliyeyatenda haya ni bibi yangu, na hapa Mikomani hakuna anayeyasimulia vizuri kuliko mimi.

Zamani Mto Tana ulipita papa hapa, chini ya hizi ngazi za mawe ambazo leo zinashukia mchangani. Wamethodisti wa Mikomani walikuja ibadani kwa mitumbwi. Walijenga juu ya kichuguu walichokisawazisha: nguzo za mkoma, kuta za kukandika, na mlango mpana ukitazama mto. Ulikuwa mpana kwa sababu bibi harusi aliingizwa akiwa ameketi mtumbwini, wanaume wameubeba mabegani. Babu aliupima kwa mtumbwi wa harusi yake mwenyewe.

Kisha mto ukahama, kama ilivyo tabia yake, bila kuaga. Nyuma ya kanisa ikaja barabara. Chifu Buya, mtu wa kofia ngumu na sauti ngumu zaidi, akaamuru mlango wa mto uzibwe na mwingine utobolewe nyuma, wakubwa wakipita wasione kanisa limewageuzia mgongo.

Bibi Hawayu, wakati huo mjane, alikataa. "Mlango huu niliingia nikiwa bibi harusi. Mto ukirudi utaukuta wazi."

"Mama, mto ulishakufa."

"Wewe ulimwona nani akiuzika?"

Vibarua wa chifu wakatoboa ukuta wa nyuma. Bibi akakandika. Wakatoboa, akakandika, akiimba nyimbo za ibada kwa sauti ya kuwaudhi. Mwishowe chifu akaweka askari kwenye tobo, akaapa kwamba Jumapili atauziba mlango wa mto kwa mikono yake.

Jumapili hiyo mto ulirudi. Ulibeba miti, kuku, na barabara yenyewe vipande vipande. Kijiji kizima kikajazana kanisani, penye mwinuko. Chifu alikuwa juu ya tuta, baiskeli kichwani. Bibi akamfuata kwa mtumbwi, akampigia kasia mpaka ngazini, na wanaume wakaubeba mtumbwi mabegani, wakampitisha mlangoni ameketi kama bibi harusi. Wanawake walipiga vigelegele, msidhani waliacha.

Lakini tobo lilikuwa chini kuliko kizingiti, na maji yakaanza kuingia.

"Baba, tobo ni lako," bibi akasema. "Lizibe."

Akaliziba kwa mgongo wake, na ulikuwa mgongo wa kutosha. Alikaa humo mpaka maji yakachoka, kambare wakimtekenya mbavu. Palipokauka akaleta udongo, akakandika mwenyewe. Viganja vyake ndivyo vile mnavyoviona ukutani.

Na tangu siku hiyo, anayekuja Mikomani kwa barabara huzunguka kupitia miibani, awe askofu, awe mbunge. Mto umeshahama tena. Ngazi zake tunazifagia kila Jumamosi.