Lugano Yupi

Palikuwa na binti mmoja aliyekuwa na walimu kumi na wanne na nafasi ya barua moja.

Jina lake Lugano. Kwao, milimani Tukuyu, jina hilo maana yake ni upendo, na hupewa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alitaka kusomea ukunga. Akiwa na miaka tisa alitumwa kupeleka maji ya moto kwa jirani, akamwona mkunga akimpokea mtoto kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea bakuli lililojaa hadi ukingoni. Tangu siku hiyo hakuwahi kutaka kazi nyingine.

Chuo kilitaka fomu, vyeti, na barua ya mwalimu mmoja anayemfahamu mwombaji. Siku ya mwisho ya kutuma kwa posta ilikuwa Ijumaa. Nafasi zilikuwa arobaini, na waombaji, kwa alivyosikia, walikuwa mamia.

Lugano alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango, hurudi kulishika kufuli mara mbili. Basi alichukua karatasi ya grafu, akaorodhesha walimu wote waliowahi kumfundisha, na mbele ya kila jina akaandika cheo, alama alizopewa na mwalimu huyo, na mwandiko wake ulivyo. Mwalimu wa jiografia alikuwa mwema, lakini mwandiko wake aliuweza kuusoma yeye mwenyewe tu, tena siku ileile aliyoandika. Mwalimu wa Kiswahili alimpenda sana Lugano, lakini aliwapenda wote. Jina la Mwalimu Tumpale, wa kemia, alilikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, kabla hata hajaandika chochote mbele yake.

Sababu aliijua, na aliomba chuo kisiijue.

Alipokuwa kidato cha tatu, Lugano ndiye aliyekabidhiwa mizani ya maabara. Ilikuwa mizani ya zamani, ya sindano, na kazi yake ilikuwa moja: kabla darasa halijaanza kupima, airudishe sindano kwenye sifuri. Siku moja alisahau. Sindano ilikuwa imesimama kwenye mbili, na darasa zima likapima chumvi yake juu ya gramu mbili ambazo hazikuwapo. Kwa kuwa wote walikosea sawasawa, majibu yao yalifanana. Mwalimu Tumpale akasahihisha, akafurahi, akawapa alama nzuri.

Siku ya tatu Lugano aliingia maabara kufuta vumbi, akaiona sindano. Palikuwa na skrubu ndogo pembeni. Angeizungusha nusu mzunguko na hakuna ambaye angejua. Alisimama pale mpaka kengele ikalia, kisha akaenda ofisi ya walimu na kulisema kosa lake.

Mwalimu Tumpale alizifuta alama za darasa zima. Jumamosi, wakati wenzao wakishangilia mpira uwanjani, wao walikuwa maabara wakipima chumvi upya. Kwenye daftari la maksi, mbele ya jina la Lugano, mwalimu aliandika sifuri, kwa sababu mizani ilikuwa yake. Na jina likamganda. Bwaloni walimwita Sifuri. Akipita na sahani yake, mtu husema, "Sifuri, hebu nionjee mchuzi, chumvi imezidi gramu ngapi?" na meza nzima hucheka. Kidato cha tano Mwalimu Tumpale hakuwafundisha tena, na Lugano akajifunza kuzunguka nyuma ya jiko ili asikutane naye.

Chuo cha ukunga, alifikiri, hakiwezi kumtaka mtu aliyesahau mizani.

Kwa hiyo alimwendea mkuu wa shule, ambaye cheo chake hakikuwa na kifani na muhuri wake ulikuwa wa duara, wa wino wa zambarau. Mkuu wa shule alimpokea vizuri. Alimwuliza tahajia ya jina lake la ukoo, akamwagiza karani, na kabla chai yake haijapoa barua ilikuwa tayari, bahasha wazi ili mwenyewe aihakiki.

Lugano aliisoma akitembea, akaisoma tena alipofika nyumbani, kisha akamsomea mama yake, aliyekuwa ameketi mlangoni ananyoosha miguu baada ya kutwa nzima ya kuchuma majani ya chai.

"Mwombaji ni mtiifu, mwenye bidii na mnyenyekevu. Anashirikiana vizuri na wenzake na viongozi wa shule. Hajawahi kuwa na kosa lolote. Tunampendekeza bila kusita."

"Barua nzuri," mama alisema. "Hebu nione."

Akaichukua. Aliisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akaweka kidole gumba, kilichoingia weusi wa majani ya chai, juu ya jina, akaliziba lote, na kumtazama binti yake kwa upole.

"Mwanangu, huyu ni Lugano yupi?"

Lugano alitaka kucheka. Halafu alikumbuka kwamba kidato cha sita kulikuwa na Lugano wawili, yeye na mvulana mmoja wa mkondo wa B, mrefu, mpiga tarumbeta. Akaisoma barua akimfikiria yule. Ilimtosha. Alikuwa mtiifu, alikuwa na bidii. Akamfikiria kiranja wa chakula, akamfikiria msichana aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake. Iliwatosha wote. Hapakuwa na neno hata moja lililoonyesha kama mwombaji ni msichana au mvulana, wala kama amewahi kusimama mahali popote siku yoyote.

"Na hilo la kutokuwa na kosa," mama aliendelea, akimrudishia karatasi, "mimi niliyekuzaa sikuliona. Labda shuleni."

Mama aliinuka kwenda kuinjika maji. Lugano alibaki na barua mkononi, na ile karatasi ya grafu, na jina lililokatwa kwa rula.

Siku iliyofuata, Jumatano, alikwenda kwenye nyumba za walimu. Mwalimu Tumpale alikuwa nje, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa miaka miwili kunisalimia." Akasogea kwenye benchi. "Kaa. Nyuma ya jiko kuna utelezi, nilikuwa nahofu utaanguka."

Lugano alikaa. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini yalitoka kinyumenyume. Alianza na mizani, akaomba msamaha, akarudi kwenye chuo, akaitaja Ijumaa mara tatu. Mwisho akasema kwamba mkuu wa shule ameshamwandikia, barua ina muhuri, na kwamba kama mwalimu ataona hafai basi ataelewa kabisa. Mwalimu aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, moja moja, mpaka binti akaishiwa.

"Sifa za kukupa sina, Lugano," alisema. "Sijui kama wewe ni mnyenyekevu, wala sijui ukiwa bwenini ukoje. Nina siku moja yako tu. Hiyo naijua yote."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Alikaa huko muda mrefu. Lugano akauchukua ungo, akaendelea kuchambua, kwa kuwa hakuweza kukaa bure. Mwalimu alipotoka, bahasha ilikuwa imeshagandishwa kwa gundi. Haikuwa na muhuri wa duara. Njiani Lugano aliinyanyua kuelekea jua mara moja, akaona haya, akaishusha.

Jioni ile aliweka bahasha mbili mezani, moja aliyoijua yote na moja asiyoijua hata neno. Fomu ilikuwa na nafasi ya barua moja. Mama hakumshauri. Alhamisi asubuhi Lugano alikwenda posta na bahasha ya Mwalimu Tumpale. Aliporudi, mama alikuwa ameikunja vizuri barua ya mkuu wa shule na kuiweka kwa heshima sandukuni mwake, pamoja na kadi ya kliniki ya Lugano ya utotoni.

Wiki tano hakulala vizuri. Kisha akaitwa kwenye usaili.

Mkuu wa chuo alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Mbele yake palikuwa na mafaili yaliyopangwa hadi kufikia kidevu, na Lugano alipoingia mama yule hakuinua macho. Alikuwa ameona majina mengi siku hiyo, na sifa nyingi, na mihuri ya kila rangi. Alifungua faili, akavaa miwani, akasoma mistari michache ya mwandiko wa mkono. Ndipo akainua kichwa na kumtazama binti huyu kwa makini, kama mtu anayemwona mgeni aliyemsubiri kwa muda mrefu.

"Ndiye wewe Sifuri?"

Kwa miaka mitatu Lugano alikuwa amelikimbia jina hilo. Sasa lilikuwa limefika kabla yake, likamshikia nafasi.

"Ndiye mimi," akasema.

"Kaa, mwanangu. Wodini kwangu kuna mizani ya kupimia watoto wachanga. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwachia."

Nanyi wenye wengi wa kuwasifu, na mihuri mikubwa chini ya majina yenu: siku mtakapotakiwa kuleta mmoja tu anayewafahamu, mtamleta anayejua kwamba hamna kosa, au yule aliyekuwapo siku mlipolisema kosa lenu?