Pijo ya Mzee Celestin Yapanda Kata-Pumzi

Methali isemayo "Kawia ufike" imeonewa sana. Wavivu huitumia kama shuka la kujifunikia, na wenye pupa huitamka huku wakipiga honi. Maana yake si kulala njiani. Maana yake ni kwamba anayetumia muda wake kuiandaa safari vizuri, hata akichelewa kuondoka, atafika. Na anayekimbilia kuondoka huenda asifike kabisa. Asiyeamini na asikie habari za Pijo ya Omurushaka.

Pijo hiyo, Peugeot 504 ya zamani, ilikuwa ya marehemu Mzee Celestin, mkulima wa kahawa wa Nyaishozi aliyependa mbio za magari kuliko chakula. Msoma ramani wake alikuwa mkewe, Benadeta. Katika mbio zao za mwisho, Celestin aliifunga injini harakaharaka, na gari likachemka katikati ya mlima mkali kabla ya Nkwenda, ule ambao madereva huuita Kata-Pumzi. Walirudi nyumbani wakivutwa na lori la ndizi. Celestin alifariki kabla hajajaribu tena. Gari likalala chini ya turubai la kuanikia kahawa, na kuku wakafanya kiti cha nyuma kuwa kiota.

Mwaka huu zilipotangazwa mbio za magari ya zamani kutoka Omurushaka hadi Nkwenda, wilayani Kyerwa, Bi Benadeta alimwita mwanawe Jovin. Macho ya mama huyo yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Mwanangu, nataka kufika Nkwenda na gari la baba yako," alisema, "kabla macho haya hayajaniaga."

Jovin alikuwa dereva wa basi la Bukoba, kijana mwema lakini mwenye damu moto. Alilipeleka gari kwa Kokuberwa, fundi mwenye gereji nyuma ya maghala ya kahawa. Mwanamke huyo hakuwa wa kuharakishwa. Wateja walimtania kwamba akibandika chai, jirani hupanda maharage na kuyavuna. Yeye alicheka nao na kuendelea na kazi.

"Hii si Toyota Probox, Jovin," alisema baada ya kuifungua silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, na kukuta gasketi inayoziba chini yake imeungua. "Humu silinda hazikuchongwa ndani ya bloku la injini. Ni slivu, yaani mabomba yaliyosimamishwa, na maji yanayazunguka. Chini zinakalia pete, juu zinabanwa na hedi. Kila slivu lazima ichomoze juu ya bloku kiasi cha unywele ili iume gasketi. Ikizama, moto na maji vitakutana."

"Kama sufuria ya ebitoke," akadakia Bi Benadeta, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage. "Majani ya mgomba yasipobanwa vizuri ukingoni, mvuke wote unatoka na ndizi haziivi."

"Mama, umemaliza kila kitu," alisema Kokuberwa. Akazibana slivu zote kwa vipande vya bati nene na bolti, kisha akapanda bodaboda kwenda Kayanga kuisawazisha hedi. "Vibati hivi visiguswe," aliagiza.

Jovin alivumilia kidogo tu. Aliona masizi juu ya pistoni, akavifungua vibati asafishe. Kisha, kama alivyozoea kufanya kwenye Toyota, akashika spana na kuizungusha injini. Slivu ya tatu ikapanda pamoja na pistoni yake. Aliisukuma chini kwa kiganja, akaipangusa, akajiambia imekaa. Kwa macho ilikuwa imekaa kweli.

Kokuberwa aliporudi aliviona vibati sakafuni.

"Umezungusha?"

"Kidogo tu, dada."

"Hapa hakuna kidogo. Pete ya chini imeshahama. Tutatoa slivu zote na kuanza upya."

"Mbio ni keshokutwa!" Jovin alitoa mfukoni gundi ya kuzibia. "Tupake hii kwa wingi, tufunge. Mshindani wetu Rweyemamu aliifunga Datsun yake jioni moja tu, na sasa anafanya mazoezi!"

"Gundi itakupitisha mbele ya watu wa Omurushaka wakupigie makofi," alijibu Kokuberwa. "Kata-Pumzi haitakupitisha. Ukitaka kufunga hivyo, funga mwenyewe."

Jovin akamgeukia mama yake amtetee. Bi Benadeta aliweka ungo chini.

"Baba yako naye aliifunga jioni moja," alisema. "Mimi ndiye niliyekaa juu ya jiwe kungoja lori la ndizi. Fundi, waitu, tafadhali fungua upya."

Basi wakafungua. Kokuberwa alitoa pistoni na slivu, akakwangua kutu pale zinapokalia, akachagua pete za unene unaofaa. Alilaza rula ya chuma juu ya kila slivu, akapima, akatoa, akapima tena. Jovin aliona aibu, na aibu ile ilimtia adabu; alimshikia fundi taa.

Asubuhi ya mbio injini iliwaka kwa sauti nzuri. Ilipopata moto, Kokuberwa aliizima na kutia ufunguo mfukoni.

"Sasa ipoe kabisa, kisha tukaze tena bolti za hedi."

"Dada, wenzetu wanaondoka!"

"Geti la kuanzia mbio liko wazi hadi saa sita. Waende."

Waliondoka kweli. Rweyemamu alipita na Datsun yake akipunga kofia, na watu wakaicheka Pijo iliyolala mdomo wazi, boneti juu. Jovin alikaribia kulia. Injini ilipopoa, Kokuberwa alimpa spana ajaribu mwenyewe, na kila bolti ikakubali kuzunguka kidogo.

"Umeona? Kulegea huku ndiko kungekuangusha," alisema, akampa ufunguo.

Waliondoka wa mwisho, Kokuberwa nyuma na madumu mawili ya maji. Bi Benadeta hakuziona kona, lakini alizikumbuka zote. "Kulia kali, kuna daraja... kushoto, kanyaga!" Sauti yake ilirudi ujanani.

Kwenye Kata-Pumzi walikuta magari yamesimama pembeni, yakifuka mvuke. Rweyemamu alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia mapajani.

"Shikamoo, mama. Mna maji?"

"Marahaba. Jovin, mpe yote."

"Yote, mama? Na sisi je?"

Lakini alipotazama mshale wa joto, ulikuwa umetulia kama mtu aliyeshiba. Akampa madumu yote mawili, akapanda mlima akiimba.

Hawakuwa wa kwanza Nkwenda. Magari mawili yaliwatangulia. Bi Benadeta hakuyajali. Alishuka, akaligusa boneti kwa viganja vyote viwili na kulia kwa furaha.

"Celestin," alisema, "tumefika."

Jovin aliinamisha kichwa mbele ya fundi wake. "Dada, kwa haraka zangu mama angekaa tena juu ya lile jiwe."

"Lakini hakukaa," alijibu Kokuberwa, akifuta mikono. "Wahenga hawakukosea: kawia ufike."