Kaa Aliyeomba Siku Tatu

Sogeeni karibu, nianze.

Bi Mwanakheri alikuwa akiokota chaza wa kulisha wanawe, kaa wa kijani asiyemjua akagonga ndoo yake.

"Hodi, mama. Natoka bahari ya mbali. Naomba siku tatu tu."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu."

Kila kaa Mwanakheri humgeuza atazame mayai tumboni. Lakini huyu aliongea, naye akaona haya kumpindua mgeni.

Siku ya kwanza chaza wakapungua. Ya pili wakapungua. Ya tatu palibaki maganda matupu na vitoto vya kaa, vyote kijani.

"Ondoka!"

"Naondoka, mama. Ila hawa wamezaliwa hapa. Si wageni."

Mwanakheri akateleka sufuria, akaanza na wa karibu. Yeye hajamaliza hadi leo, mimi nimemaliza.